Sufle za amotisa: kolie ya visi au kifungo cha plastiki?

Dereva_wa_Sake: Wakubwa, salamu. Amotisa za mbele, yaani shokapu za gari, nataka kuzivalisha sufle mpya, ile mipira ya kukunjakunja. Za kwanza fundi alizifunga na waya wa kujengea. Miezi miwili tu waya ukala mpira, mchanga wa lava ukaingia, kile chuma kinachong'aa kikachorwa mistari na mafuta yakaanza kutoka. Safari hii nifunge na nini?

Ndosho4x4: Kolie ya visi, ule mkanda wa chuma unaokazwa kwa bisibisi, usiulize mara mbili. Mimi nilifunga na vile vifungo vya plastiki vya nyaya, vyeupe. Jua likavikausha, vikakatika kwenye mawe kabla sijafika nyumbani.

Mama_Garaji: Ndosho, vyeupe ni vya ndani ya nyumba! Chukua vyeusi vya nje, vipana. Ule weusi ni masizi yaliyochanganywa humo, ndiyo yanayokinga plastiki na jua. Kolie ya visi kwenye amotisa siipendi, maana sufle yake ni laini na mtu akishika bisibisi hajui kuacha. Ukikosa kingine, tanguliza kipande cha shambrea, mpira wa ndani wa tairi, chini yake, na kichwa cha visi kitazame mbali na gurudumu na bomba la breki.

Halafu kaza juu, chini acha pumzi. Amotisa inapanda na kushuka, hewa lazima ipite. Ukiziba kote, sufle inafura kama chura, kisha ikivuta hewa inavuta na maji ya dimbwi. Kama ina vitundu, vielekeze chini.

Dereva_wa_Sake: Asante mama. Na sufle ya kardani, ile ekseli inayozungusha gurudumu? Imeanza kutapika grisi.

Mama_Garaji: Hiyo kinyume chake: inazunguka na ndani mna grisi, kwa hiyo unaziba pande zote mbili. Weka kolie bapa ya chuma yenye sikio, ile inayominywa na koleo lake. Kolie ya visi ina uzito upande mmoja, na kichwa kinaweza kugonga kitu ikizunguka. Plastiki hapo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Na kabla ya kufunga, osha na utie grisi mpya, maana mchanga ulishaingia.

Kadogo_Birere: Mimi nilitoa sufle zote za amotisa. Zinaficha matope. Nikiosha gari naona chuma kizima.

Ndosho4x4: Na amotisa zikoje?

Kadogo_Birere: Nimebadilisha mbili. Lakini zilikuwa za okazioni, za mtumba, labda zilikuja zimechoka.

Mama_Garaji: 😂 Labda.

Dereva_wa_Sake: Nimefunga leo, plastiki nyeusi. Gari likiwa chini sufle ilionekana ndefu kupita kiasi, nikataka kuivuta juu kidogo. Nilipoinua kwa jeki na gurudumu likaning'inia, mikunjo karibu yote ikanyooka. Nikaiacha palepale. Kardani inangoja koleo. Jirani analo, yuko Rutshuru mpaka Jumamosi.