Nimepewa kutafsiri sinema bubu ya wanenguaji, nimekwama. Naomba ushauri wenu

Mpiga Kanda
Wakuu, habari za jioni. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza, na huu ni mwaka wa 6 natafsiri muvi za mapigano na za Kihindi. Sasa kuna kituo cha vijana hapa Tanga wamenipa kazi ya Jumamosi ijayo: niwasimulie watu The Pleasure Garden, sinema bubu, ya kwanza Alfred Hitchcock kuiongoza mpaka ikaisha. Aliipiga 1925, Uingereza ikaingia kumbini 1927.

Kwa asiyeijua: Patsy ni mnenguaji kwenye ukumbi mmoja wa London. Anamwokota Jill, mgeni wa mji aliyeibiwa pesa na barua ya utambulisho pale pale mlangoni, anaenda kumlaza chumbani kwake. Jill akishapata jukwaa anapanda bei, anaanza kuzungushwa na mwana wa mfalme, wakati mchumba wake Hugh yuko kazini mbali huko, koloni la nchi za joto. Patsy naye anaolewa na Levett, rafiki wa huyo Hugh. Fungate Ziwa Como, kisha bwana anaondoka kwenda koloni, anaweka mwanamke wa kienyeji. Anaandika barua kwamba anaumwa. Patsy anakopa nauli kwa wenye nyumba wake, anamfuata, anawakuta. Levett anamzamisha yule mwanamke baharini, halafu akili zinamruka.

Juzi nimejaribu kwa majirani sebuleni. Dakika ya 10 mtoto akauliza, "Anko, sauti imekata?" Dakika ya 20 tumebaki mimi na shemeji, na shemeji alikuwa anasubiri simu yake ijae chaji.

Nisome tu yale maandishi yanayokatiza picha, au niwape wahusika midomo, niwasemee kama nilivyozoea? Na huyo mwanamke anayezamishwa, mbele ya ukumbi wa watu weusi pekee, nifanyeje?

Mzee wa Rimoti
Weka singeli, gawa bisi. Uzi ufungwe.

Otis wa Kisumu
Bro, ukisoma maandishi pekee watu wataitisha pesa zao. Huku kwetu DJ Afro, mtafsiri wetu wa muvi, anaongea hadi mlango ukifungwa. Sinema bubu ndiyo rahisi hata, hakuna mtu wa kukukatiza. Wape midomo wote.

Skrini Nyeupe
Otis yuko sahihi, na wala hii si habari mpya. Japani enzi hizo hizo walikuwepo wasimuliaji wanaoitwa benshi. Wanakaa pembeni ya skrini, wanasema sauti za kila mtu, na watu walikuwa wanalipa kiingilio kumfuata benshi kuliko mwigizaji. Mkuu, wewe na marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa Bongo, mna mababu.

Ila kwanza angalia kopi uliyonayo. Zipo kanda fupi fupi zilizokatwakatwa. Tafuta iliyokarabatiwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, mwaka 2012, walirudisha kama dakika 20 zilizokuwa zimepotea na rangi zilizopakwa kwenye filamu. Kingine, kasi. Sinema hizi nyingi zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko za leo, ukiziachia kwa kasi ya sasa watu wanatembea kama kuku, na mapenzi yanageuka kichekesho. Labda ndiyo maana majirani waliondoka. Na muziki wa ile ya 2012 ni utunzi mpya, una mwenyewe. Tafuta kijana wa kinanda akupigie.

Mama Waridi
Mwanangu Mpiga Kanda, mimi nimenengua bendi ya dansi miaka 4, magoti ndiyo yalinistaafisha. Naomba kitu kimoja, usiwape hao mabinti sauti za kujirembua.

Tazama mwanzo wake. Wanashuka ngazi ya mzunguko, unaona miguu tu inapita. Mstari wa mbele kuna mzee kashika darubini. Anaenda kumwambia Patsy kapenda kile kishungi chake cha nywele. Patsy anakichomoa, kumbe cha bandia, anamkabidhi mkononi. Wewe umeona kichekesho, na ni kichekesho kweli. Lakini mimi nimewahi kubandikwa noti ya elfu 5 kwenye paji la uso na mtu aliyeona keshaninunua mpaka asubuhi. Hapo mpe Patsy sauti ya mtu aliyechoka, anayewaza daladala ya mwisho imeshapita. "Haya baba, si hiki ulichokipenda? Chukua." Basi. Ukumbi utacheka wenyewe.

Mpiga Kanda
Shikamoo mama. Nilikuwa nimeiandika kwa kideka, nimeifuta. Na yule wa baharini?

Otis wa Kisumu
Hapo kimya. Ukumbi umezoea kelele zako, ukinyamaza ghafla wanajua kuna mtu amekufa.

Skrini Nyeupe
Kwenye orodha ya waigizaji hana hata jina, kaandikwa "msichana mwenyeji". Na hiyo bahari ni ya Italia. Hitchcock mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mwigizaji aliyepangwa hakuweza kuingia majini siku ile, wakaazima mhudumu wa hoteli.

Mama Waridi
Marahaba mwanangu. Otis, akinyamaza tu si yule mtoto atauliza tena kama sauti imekata? Afanye hivi. Tangu yule dada anapotokea mara ya kwanza, aongee kuliko wote. Amseme Levett, amtanie na ulevi wake, aongee hata Kidigo, si uko Tanga? Akiingia majini, anamwona Levett anamfuata, anadhani anakuja kumtoa. Mpe neno la kumwita. Moja tu. Halafu ndiyo unyamaze, na kinanda kinyamaze. Safari hii mtoto akiuliza, atakuwa kauliza sahihi.

Mpiga Kanda
Mama, nimesoma mara tatu. Kijana wa kinanda nimempata, wa kwaya, anataka elfu 20 na soda. Swali la mwisho: kuna mbwa, Cuddles, anamlamba Jill nyayo akiwa kapiga magoti anasali. Naye nimpe maneno?

Mama Waridi
Mbwa mwache abweke.