Kompyuta mpya inayosumbua kila wiki: niirudishe dukani, niipeleke kwa fundi, au ninunue mpakato iliyotumika?

Mweka Hazina (Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia tatu, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu lake na hakuna anayenieleza sababu. Wiki saba zilizopita nilinunua kompyuta ya mezani kutoka duka moja la Kariakoo kwa shilingi 780,000, pamoja na kioo, kibodi na kipanya. Niliambiwa kuwa ni mpya, ikafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi hadi Mwanza. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ninayo, na waranti iliyoandikwa ni ya miezi sita.

Tangu wiki ya pili sijapata raha nayo. Huganda katikati ya kazi, kipanya kisisogee, huku ndani kukisikika sauti kama ya mtu anayegonga meza kwa ukucha. Jioni nyingine hujizima na kujiwasha yenyewe bila kutoa onyo lolote, na mara nne imeleta ile skrini ya buluu ya kosa la Windows. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA chenye wanachama 27, na Jumamosi iliyopita jedwali la hisa na mikopo lilifunguka likiwa tupu, nikakesha hadi saa nane usiku nikiliandika upya kutoka kwenye daftari. Fedha zile ni za watu walionikabidhi, na nimeumia sana.

Njia ya kwanza ni kuirudisha Dar es Salaam: nauli ya mzigo ni shilingi 30,000, na muuzaji anasema nisubiri wiki tatu. Ya pili ni fundi wa hapa anayetaka shilingi 60,000 kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena, na kusafisha. Ya tatu ni kuiuza kwa hasara, niongeze fedha na kununua kompyuta mpakato iliyotumika. Mngekuwa ninyi, mngefuata ipi?

Fundi wa Makorora (Tanga)

Pole sana, dada. Kabla ya kuchagua njia, inabidi ujue kinachougua, maana kupiga Windows upya ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, na dalili zako zinaonekana kuwa za magonjwa mawili tofauti. Kuganda kunakoambatana na sauti ya kugonga hunielekeza kwenye diski. Kujizima ghafla bila skrini ya buluu hunielekeza kwenye umeme, yaani pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) au soketi inayoilisha.

Fanya vipimo vitatu ambavyo havihitaji kufungua boksi. Kwanza, pakua programu ya CrystalDiskInfo, uangalie pale juu upande wa kulia saa ambazo diski imewahi kuwashwa tangu itoke kiwandani. Namba za jedwali la chini ziache kwanza, kwa sababu huandikwa kwa mfumo wa hexadesimali, wa kuhesabu kwa kumi na sita, na huwapotosha wengi. Pili, weka MemTest86 kwenye flashi, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uiache ipime RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, usiku kucha. Tatu, andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ufungue kumbukumbu za mfumo na utafute tukio namba 41, ambalo huandikwa kila mara kompyuta inapozimika bila kuzimwa ipasavyo. Ndani yake kuna mstari wa BugcheckCode. Ukiwa ni sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa lake, na mara nyingi umeme ndio uliokatika au kushuka. Ukiwa na namba nyingine, ilikuwa ni skrini ya buluu.

Jambo la nne si kipimo, ila ni muhimu. Mzigo uliosafiri zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya buti la basi unaweza kufika RAM ikiwa imelegea kwenye nafasi yake, na hilo hurekebishwa kwa dakika tano.

Mnunuzi Makini (Dodoma)

Naheshimu ushauri wa fundi, lakini naomba dada asiruhusu mtu yeyote kugusa skrubu za boksi hilo. Angalia nyuma, huenda kuna stika ndogo ya muuzaji iliyobandikwa kwenye maungio. Stika hiyo ikichanika, kesho utaambiwa kuwa fundi wako ndiye aliyeharibu, na wiki saba za mateso zitakuwa zimepotea bure. Mimi nilipoteza mashine namna hiyo, kwa sababu ya kutaka kuokoa nauli.

Kwa maoni yangu, njia ya kwanza inazishinda nyingine zote maadamu waranti ingalipo. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicholingana na maelezo ya muuzaji, na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Hata hivyo, usianze na vitisho. Anza na ushahidi: piga picha kila kosa, andika tarehe na saa, na mazungumzo na muuzaji yafanyike kwa ujumbe wa maandishi badala ya simu. Vipimo vya fundi vifanye vyote, kwa kuwa vitatu vya mwanzo havigusi stika, ila hilo la kuisukuma RAM lisubiri ruhusa ya muuzaji.

Bint Kisauni (Mombasa)

Mimi niko upande wa njia ya tatu, na sisemi hivyo kwa kupenda vitu vya mtumba. Kompyuta ya mezani haina betri, hivyo umeme ukitetereka kwa muda mdogo tu nayo huzimika, ilhali mpakato huhamia kwenye betri yake na mwenye kazi wala hatambui. Niliiacha ya mezani miaka minne iliyopita, nikanunua mpakato ya ofisini iliyotumika, na tangu hapo sijapoteza faili hata moja kwa sababu ya umeme.

Lakini kuna masharti. Usinunue yenye prosesa ya Intel ya kizazi kilicho chini ya cha nane, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Muombe muuzaji aiwashe mbele yako, ufungue dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki sasa, na kama umebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya makubaliano. Kioo na bawaba zake vikague mchana, si chini ya taa ya duka.

Mweka Hazina (Mwanza)

Nawashukuru nyote. Stika ipo kweli, na sijaigusa. Vipimo nimevifanya kwa siku tatu, na haya ndiyo majibu.

RAM imepita mizunguko minne bila kosa. Matukio namba 41 ni 19 tangu ninunue. Manne yana namba ya kosa, na tarehe zake ndizo za zile skrini za buluu, lakini 15 yana sifuri, na kati ya hayo 13 yametokea kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Kuhusu diski, CrystalDiskInfo imeipa alama ya njano ya tahadhari, na saa zilizoandikwa ni 14,612. Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwita kijana wangu, naye akasoma hivyo hivyo. Kompyuta hii inawezaje kuwa na saa 14,612 ndani ya wiki saba?

Fundi wa Makorora (Tanga)

Haiwezi, dada. Wiki saba zina saa 1,176 hata kama usingeizima kamwe. Saa 14,612 ni zaidi ya siku 600 mfululizo, na kwa ofisi inayowasha mashine saa nane kila siku, ni miaka mitano. Boksi linaweza kuwa jipya, na mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, nayo inaweza kuwa mpya, lakini diski hiyo ilifanya kazi kwa mtu mwingine kabla ya kufika kwako. Alama ya njano maana yake ni kwamba kuna sehemu za diski zisizosomeka vizuri. Kompyuta huganda kwa sababu diski inarudia kusoma sehemu hizo, na jedwali lako huenda lilikuwa limekalia mojawapo. Yule aliyetaka shilingi 60,000 angepiga Windows upya juu ya diski hiyo hiyo, ukafurahi siku kumi, kisha ukarudi kwake.

Hata hivyo, kule kujizima mara 13 jioni sikuoni kukitokana na diski. Jirani yako kuna nini? Karakana ya kuchomelea, au mashine ya kusaga?

Mweka Hazina (Mwanza)

Mashine ya kusaga ipo nyumba ya pili kutoka kwetu, na jioni ndiyo yenye foleni, watu wakitoka kazini. Sasa nakumbuka kuwa taa ya sebuleni hufifia inapowashwa. Miaka yote nimeiona taa hiyo na sikuwahi kuihusisha na kompyuta.

Mtu wa Nyaya (Shinyanga)

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na naomba nilieleze taratibu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo wa umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishashika kasi, na kama waya unaowalisha nyote ni mrefu au mwembamba, voliti hushuka kwa kila aliye kwenye laini hiyo. Umeme wetu umekusudiwa kuwa voliti 230. Tafuta mtu mwenye mita apime kwenye soketi ya kompyuta mchana, kisha apime tena jioni wakati mashine inawashwa, na asome lebo ya nyuma ya pawasaplai inayotaja voliti inazokubali. Akague pia kama soketi au ekstensheni imelegea au ina alama ya kuungua, maana mguso mbovu huongeza tatizo hilo hilo.

Kisha linganisha vifaa, si kompyuta peke yake. Stabilaiza huinua voliti zilizoshuka, lakini umeme ukikatika haina cha kukupa. UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ya aina inayorekebisha voliti hufanya yote mawili: huinua kidogo kilichoshuka, na kikishuka kupita kiasi hukimbilia betri. Kwa kompyuta moja ya nyumbani na kioo chake, ya VA 650 inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, ila printa ya leza usiichomeke humo. Ujue pia kwamba betri yake huchoka baada ya miaka michache, nayo hubadilishwa.

Bint Kisauni (Mombasa)

Basi tuhesabu kwa haki. Dada alilipa 780,000, sasa aongeze UPS, bado na nauli ya kurudisha mzigo. Kwa jumla hiyo angepata mpakato nzuri iliyotumika ambayo mashine ya kusaga isingeisumbua. Sibadilishi msimamo wangu kwa anayeanza leo kununua, ijapokuwa nakiri kuwa kwa aliyekwisha kununua, kuiuza kompyuta yenye diski mbovu ni kuuza hasara mara mbili, au ni kumficha mnunuzi ukweli kama alivyofichwa yeye.

Mweka Hazina (Mwanza)

Hilo la kumficha mtu siwezi kulifanya, na ndilo lililoniondoa kwenye njia ya tatu. Mita imesoma voliti 227 saa sita mchana, 191 saa moja jioni, na mashine ilipowashwa ikateremka hadi 164 kwa muda mfupi. Lebo ya pawasaplai inasema 200 hadi 240. Kwa hiyo, la umeme si kosa la muuzaji, nami sitamdai. Nimenunua UPS kwa shilingi 175,000, na leo ni siku ya tano bila kujizima, ingawa kuganda kupo pale pale.

Muuzaji nilimtumia picha ya zile saa 14,612 bila neno la ukali. Alikaa kimya siku nzima, kisha akakubali kutuma SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) mpya ya GB 256, akaandika kuwa anaruhusu boksi kufunguliwa na fundi wa hapa, lakini anataka nitangulize ile diski ya zamani kwa basi. Je, niitume?

Mnunuzi Makini (Dodoma)

Hifadhi ujumbe wake wa ruhusa mahali pawili kabla ya stika kuguswa. Kuhusu diski, usiitume ikiwa na majina, namba za simu na mikopo ya wanachama 27. Nakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa mwenyekiti wa kikundi, halafu fundi aiunganishe diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na kuifuta yote kwa kuandika data nyingine juu yake, si kufuta kwa haraka tu.

Mweka Hazina (Mwanza)

Nikiifuta, si nitakuwa nimefuta na ushahidi wa zile saa? Akiipokea tupu anaweza kusema ni mpya.

Fundi wa Makorora (Tanga)

Hapana, dada. Saa hizo zinatunzwa na diski yenyewe, nje ya eneo la mafaili, na kufuta hakuzigusi. Ataikuta nazo, zikiwa zimeongezeka kidogo kwa muda wa kuifuta. Piga picha ya namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo ya diski, na picha nyingine ya CrystalDiskInfo ikionyesha namba hiyo hiyo pamoja na saa zake, ndipo uifunge. SSD ikifika, fundi aiunganishe kwenye kompyuta nyingine na kuipima kwa programu hiyo hiyo kabla ya kuweka Windows, na saa zake uziandike hapa ili tuzione.