Nikate kurasa za White Dwarf za zamani nizitie fremu, au niziache? Naomba ushauri

Mwana_Chumbageni

Heshima kwenu wakuu.

Nipo Nottingham. Kaka yangu anarudi Tanga moja kwa moja, kontena lake linafungwa mwezi ujao. Ana maboksi ya White Dwarf za miaka ya 1980, kaniambia nichague ninazozitaka, zitakazobaki anaondoka nazo. Kwa wasiolijua, ni jarida la Games Workshop lililoanza 1977, la michezo ya mezani ya dadu na ramani, na baadaye vita vya visanamu vya Warhammer.

Michezo yenyewe sikuicheza sana. Kilichonishika ni michoro. Tulikuja huku tukiwa wadogo na Kiingereza cha kubabaisha, basi kaka anahangaika na kanuni, mimi nimekodolea picha. Kurasa za ndani nyingi ni wino mweusi mtupu. Kulikuwa na safu ya Fiend Factory, wasomaji wanatuma mazimwi waliyoyabuni wenyewe, na Russ Nicholson akawa mmoja wa waliokuwa wakiyachora. Alikuwa anajaza vistari na vinukta mpaka unahisi ngozi ya zimwi ni ya baridi ukiigusa.

Hata matangazo ya Citadel, watengenezaji wa visanamu, nilikuwa nayasoma kama hadithi. Safu kwa safu za visanamu vya risasi, kila kimoja kimechorwa kwa kalamu, na chini yake jina. Kuna kimoja, kizimwi kifupi chenye ngao ya mbao: mchoraji kaweka misumari yote ya ngao, na kamba ya kiatu cha kushoto imelegea. Kitu cha kuuzwa kwa peni kadhaa, na bado mtu alikaa kitako akakipa kamba ya kiatu! Kuelekea miaka ya 1990 picha za rangi za visanamu vilivyopakwa zikachukua nafasi. Ni nzuri, sikatai, ila picha inakuonyesha kisanamu kilichopo mezani. Mchoro ulikuwa unakuonyesha nchi anakotoka.

Sasa fundi fremu kanishauri nikate kurasa ninazozipenda, anasema zitakaa vizuri ukutani. Mkono unasita. Halafu zile zinazokwenda Tanga, zitahimili hewa ya pwani kweli? Nawasilisha.

Mtunza_Nyaraka

Usikate mkuu. Nimefanya kazi ya kutunza karatasi muda mrefu, na ukurasa uliokatwa haurudi. Geuza huo unaoutaka uone nyuma kuna nini: mara nyingi ni mchoro mwingine au nusu ya makala, na fremu itaufunika moja kwa moja.

La pili ni mwanga. Karatasi ya majarida ya zamani nyingi ina asidi, yenyewe tu inakwenda njano. Ukiitundika mkabala na dirisha unaiharakisha.

Skani, chapisha nakala kwenye karatasi nzito isiyo na asidi, hiyo ndiyo utie fremu. Michoro ya wino iskani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, na uchague kijivu, siyo nyeusi-na-nyeupe tupu, maana ile hula vistari vyembamba na kivuli chote kinageuka doa. Usilikandamize jarida kwenye kioo hadi mgongo uvunjike.

Bi_Mkubwa_Raskazone

Mwanangu, mimi nipo Tanga hapahapa, nikujibu hilo la hewa. Karatasi za kung'aa zikipata unyevu zinagandana, na zikishagandana ukizibandua wino unabaki upande wa pili. Nimepoteza albamu na majarida ya marehemu mume wangu hivyohivyo. Pini za katikati nazo zinashika kutu, kutu inakula karatasi.

Mwambie kaka yako asiyaweke sakafuni wala asiyaegemeze kwenye ukuta wa nje. Yakae rafu ya juu, kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, avibadilishe vikishiba. Afungue boksi mara kwa mara akague. Mende na mchwa hawasubiri mwaliko.

Kalamu_Nyeusi

Mimi nitatofautiana kidogo na Mtunza_Nyaraka. Kama kuna toleo ambalo pini zimeshaoza na kurasa zimejitoa zenyewe, hizo tia fremu, roho isikusute. Weka pambizo la kadibodi ili karatasi isigusane na kioo, na uombe kioo kinachozuia miale ya jua.

Halafu usiiache Thrud ya Carl Critchlow, ile katuni ya shujaa mwenye misuli iliyokuwa humo jaridani, ikapanda meli! Mimi nimejifunza kuchora misuli kwa kunakili zile kurasa. Nicholson alifariki 2023, na nilipopata habari nilitoa kalamu nikachora zimwi moja kwa mtindo wake usiku uleule.

Mwana_Chumbageni

Ahsanteni sana, na shikamoo mama. Thrud inabaki Nottingham, hilo nimeshaamua. Sikati. Nimejaribu kuskani jalada moja la rangi, limetoka na mawimbi ya ajabu juu ya anga lote. Tatizo ni mashine?

Mtunza_Nyaraka

Siyo mashine. Rangi za jarida zimechapwa kwa vinukta vidogo, na vinukta hivyo vinagongana na vya skana. Tafuta kwenye programu ya skana kitufe cha kuondoa vinukta vya uchapaji, iskani kwa 600, kisha upunguze ukubwa baadaye. Kwa michoro ya wino kizime, kitakulainishia vistari.

Na nakala zibaki ukutani kwako. Hakimiliki Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mchoraji kufariki, kwa hiyo usizitoe kuuza wala kuzirusha mtandaoni.

Bi_Mkubwa_Raskazone

Marahaba. Kontena likifika mwambie kaka yako asiache maboksi bandarini juani. Akikosa pa kuyahifadhi wakati anatengeneza nyumba, chumba changu cha juu ni kikavu, aje.