Mabula amekufa

*Jumapili asubuhi*

Doto: Mwangaluka wote. Jamani nina habari mbaya sijui ata nianzie wapi. Mabula amekufa. Nimeenda kumbadilishia maji saa 12 nikamkuta kanyooka sandukuni kama kamba, na nyie mnamjua siku zote anajiviringisha kwenye gunia lake

Shangazi Nyanzala: Mungu wangu!! Chatu wa Babu??

Baba Mdogo Shija: We Doto una uhakika? Jana si tumeshinda naye ngomani mpk jua linazama

Kabula: Doto skia kwanza. Nyoka akipoa sana anaweza kuonekana amekufa kumbe yupo. Mgeuze tumbo juu, aliye hai atahangaika kujigeuza. Alafu mfungue mdomo na kijiti, vidole viwe mbali na meno, niambie rangi ya ndani

Doto: Nimemgeuza da Kabula amebaki hivohivo tumbo juu. Mdomoni ni kijivu na kuna ute unavutika km mlenda. Jua limeshampiga nusu saa hajatikisika

Kabula: Basi pole mdogo wangu. Poleni wote 😢

Mama Kulwa: Babu nimeshamwambia. Kakaa kimya muda mrefu alafu akasema niwaandikie, mwaka huu Mabula alikuwa anatimiza miaka 11 kwenye mikono yake, alimwokota kwenye mvua ya masika akiwa mdogo wa kuingia kwenye kibuyu, ndo maana akamwita Mabula, jina la mvua. Anasema chatu kwa umri huo si mzee

Kabula: Babu yuko sahihi. Akitunzwa vizuri anapita miaka 20

Baba Mdogo Shija: Mimi nitasema wazi. Kile kikundi kilichocheza baada yetu jana hawakufurahi watu walivyotuhamia sisi. Na mnajua ngoma za mashindano huku kwetu zina dawa zake tangu enzi za Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yanayoshindana. Nyoka mzima halali akaamka maiti

Shangazi Nyanzala: Shija usiseme hivo kwenye grupu, na wao wana ndugu humu

Kabula: Baba Mdogo shikamoo. Naomba kwa heshima tusimtaje mtu kabla hajapasuliwa. Naomba pia asizikwe leo. Mumfunge kwenye nailoni mbili mumuweke kwenye friji, ILE SEHEMU YA KAWAIDA sio kwenye barafu, barafu ikimgandisha inaharibu nyama na daktari haoni kitu kwenye darubini

Mama Kulwa: Friji ipi Kabula? Hii ya maziwa ya biashara?

Kabula: Mama najua. Ni mpk kesho tu, maziwa peleka kwa jirani alafu uisugue na jiki na mnawe mikono, nyoka hata mzima anabeba vijidudu vya kuharisha

Mama Kulwa: Haya. Kwa ajili ya Babu nitatoa

Kabula: Wabeja mama. Sasa nielezeni wiki yake yote, kala lini, kasafiri vipi, kuna dawa gani imepuliziwa hapo, hata kama mnaona ni kitu kidogo

Doto: Kala kuku jumatano. Alhamis na ijumaa kawaida tu ulimi unatoka vizuri

Kabula: Jumatano?? Na jumamosi mkamcheza?

Baba Mdogo Shija: Hapo kosa ni langu sitaficha. Babu ana sharti lake akishakula haguswi wiki nzima, na jana mimi ndo nilisema twende naye maana yule chatu mwingine anajivua gamba. Tulimuweka buti ya Probox, tulisimama pale njiani km dakika 40 hivi kutafuta spika, jua kali. Alivyotoka alikuwa mzito lakini alicheza

Kabula: Asante kwa kusema ukweli Baba Mdogo. Buti iliyofungwa juani inapita nyuzi 40 haraka na nyoka hana jasho, joto la nje ndo joto lake. Lakini wengi joto likiwaua wanakufa palepale, yeye kacheza mpk jioni. Kingine?

Doto: Da Kabula

Doto: Mimi ijumaa usiku nilipaka vanishi sanduku lake ndani na nje. Nilitaka aende na sanduku zuri kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita. Jumamosi asubuhi lilikuwa kavu kabisa nikishika lkn tina ya kuchanganyia vanishi ilikuwa bado inanuka na jana usiku nikamfungia humohumo. Ni mimi nimemuua?

Shangazi Nyanzala: Usiseme hivo mwanangu

Kabula: Doto sijui, na wewe hujui. Harufu ya vanishi inaweza kuumiza mapafu ya nyoka, kweli. Joto pia linaweza. Na kuna ugonjwa wa mapafu unakaa ndani miezi nje anaonekana mzima. Lile sanduku asiingizwe yule mwingine, msogezeni mbali na mnawe kabla ya kumshika

*Jumatatu jioni*

Kabula: Daktari wa mifugo kanipigia. Tumboni kuku alikuwa karibu kaisha, hajaoza. Hakuna jeraha wala minyoo ya kutisha. Mapafu mekundu yamejaa maji, ini anasema la kawaida kwa macho. Kakata vipande kaweka kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, vitapelekwa maabara. Nilimuuliza ni nini, kasema kwa hayo aliyoona hawezi kutaja kimoja, vanishi, joto na ugonjwa vyote vinaweza kuacha mapafu hivyo

Baba Mdogo Shija: Nimeelewa. Yale ya jana kuhusu kile kikundi nayafuta

Mama Kulwa: Babu anasema ngozi isichunwe, hata mtu akileta hela. Kibali chake Shija akipeleke maliasili aseme amekufa

Doto: Nimeshachimba chini ya mwembe, Babu kaja mwenyewe na fimbo kupima urefu. Gunia lake nimeweka chini kwanza, tunamviringisha kama alivyokuwa analala

Shangazi Nyanzala: Nipo njiani, nisubirini