Si kila tabaka lililovurugika ni kazi ya tetemeko!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Ripoti yangu ya jiolojia, inayosema tabaka moja la mashapo (mchanga na tope vilivyotuama) lilivurugwa na mzigo wa mafuriko, imerudishwa mara ya pili, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Hili ni tetemeko. Rekebisha." Basi. Hakuna hoja wala kipimo.

Tabaka lenyewe nimelipigia magoti siku tatu. Mchanga mweupe umezama kwenye tope jeusi ukawa madonge kama mito ya kulalia, na kati ya donge na donge tope limechomoza juu kwa ndimi nyembamba kama za moto. Matabaka ya chini yamelala shwari, ya juu vilevile. Nikalifuata ukingoni: hatua 40, limekwisha. Na limeishia pale pale unapoishia ule mchanga mnene uliomwagwa na mafuriko kwa mkupuo mmoja. Mzigo ule peke yake unatosha kulizamisha!

Najua kuna atakayesema tetemeko lilitikisa kote ila hapo tu ndipo palipokuwa na mchanga wa kuvurugika. Inawezekana. Lakini hoja hiyo inajengwa, haikurupukiwi.

Mchanga uliolegea na kushiba maji ukibanwa ghafla, maji hukosa pa kutokea, chembe huachana, na wote hugeuka uji. Tetemeko hufanya hivyo, nani anabisha? Kwenye tetemeko la Niigata, Japani, mwaka 1964 majengo ya ghorofa yalilala ubavu bila kubomoka. Ila mawimbi ya dhoruba nayo hufanya hivyo, mashapo yanayolundikana upesi hufanya hivyo, hata nyayo za wanyama wazito huvuruga tope. Madonge ni yale yale.

Mwanajiolojia Kuenen alitikisa mchanga juu ya tope maabara akapata madonge. Matokeo aliyachapisha 1958. Safi sana. Alionyesha kwamba mtikisiko unaweza, hakuonyesha kwamba kingine hakiwezi. Kisha mwaka 1969 mwanasayansi Seilacher akaleta jina "saizmaiti", yaani tabaka lililovurugwa na tetemeko, na tangu hapo watu wanabandika jina kwanza, ushahidi baadaye. Jina ambalo tayari limebeba chanzo ndani yake! Huko ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Kazi ikifanywa vizuri inaonekana. Kwenye mashapo ya Lisan, kando ya Bahari ya Chumvi, watafiti walionyesha matabaka yaliyovurugika yakikutana na mipasuko ya ardhi ambayo pande zake zilisogea wakati mashapo bado yanajikusanya. Hapo nakubali bila ubishi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba matabaka haya huhesabiwa ili kukadiria matetemeko makubwa hurudi kila baada ya muda gani. Ukiingiza mafuriko kwenye hesabu hiyo, makadirio yote yameharibika, na kuna wahandisi watakaoyatumia.

Sibadilishi neno. Ripoti inarudi vilevile, na picha ya pale tabaka linapoishia nimeihamishia ukurasa wa kwanza. Anayedai tetemeko anionyeshe mpasuko uliosogea.