Supavaiza ananisumbua na ndo anayeshika listi ya majina, nifanyeje?

Wakuu habari za mchana. Mimi ni binti wa miaka 24 nipo Mwanza, nafanya kibarua kiwanda cha samaki, tunapiga fileti za sangara, na kibarua mnakijua, jina lisiposomwa getini asubuhi unarudi nyumbani. Sasa anayepanga majina ni supavaiza wetu, alianza kuniita mrembo nikajua utani, mara ananishika kiuno tukiwa tunavaa gambuti, saizi ananitumia meseji saa sita usiku eti nikimkubalia jina langu halitakosa. Nimemkaushia, wiki hii nimesomwa siku mbili tu. Nina mtoto na kodi huku Igoma. Wenzangu wanasema ndo zake nivumilie. Niache kazi?

SatoMkavu: Mwambie mumeo ni mjeda 😂

Bi_Nyegezi: @SatoMkavu utani wako peleka mwaloni Kirumba. Mdogo wangu usifute hata meseji moja. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, ipo sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25, piga 113 ni bure au nenda ofisini Takukuru kabla hujamjibu chochote, wale wana mitego yao. Na hilo la kiuno peleka Dawati la Jinsia polisi, usilikalie, hilo kosa siku 60 zikipita halipokelewi tena.

Mleta uzi: Asante dada ila sina mkataba, nitasikilizwa kweli?

HR_Mstaafu: Utasikilizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inamlinda hata anayeomba kazi, sembuse wewe unayeingia getini. Andika barua kwa meneja, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua za hivyo huwa zinapotea mezani (nimeziona zikipotea). Kazi usiache kwa hasira. Wakikuondoa nenda CMA (ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, ila malalamiko ya kuachishwa yanataka uwe umefikisha miezi sita, una muda gani hapo?

Mleta uzi: Mwaka na nusu.

HR_Mstaafu: Basi tunza vitambulisho vya geti na meseji za malipo, ndo mkataba wako huo.

Mleta uzi: Wakuu mrejesho, nimemwonyesha mwenzangu mmoja zile meseji akanyamaza weee, kumbe na yeye anazo, maneno yaleyale hadi makosa ya herufi. Jumatatu tunaenda wote Takukuru, siku hiyo wasome majina bila sisi.