Bagamoyo, Nungwi au Mikumi: ofisi ya watu 42 itoke kwenda wapi?

Mratibu_Posta
Wakuu, naomba ulinganisho wenye hesabu, siyo "nendeni Zanzibar kuzuri". Ofisi iko Posta, Dar. Watu 42: wanawake 19, wanaume 23. Tunatoka Ijumaa, Jumatatu asubuhi kila mtu yupo kazini. Nusu siku ni kikao cha mpango wa mwaka, zinazobaki ni michezo na mapumziko. Ni Julai au Agosti. Tumebaki na Bagamoyo, Nungwi (kaskazini ya Unguja) na Mikumi (hifadhi ya wanyama, Morogoro).

Kapteni_Pwani
Mkuu, kabla ya bei hesabu masaa. Bagamoyo haifiki kilomita 80. Mkiondoka saa 12 asubuhi, saa 3 mnakunywa chai huko. Mkiondoka Ijumaa saa 10 jioni, foleni ya Mwenge hadi Bunju itawala masaa mawili kabla safari haijaanza.

Nungwi: kuripoti bandarini lisaa limoja kabla, boti karibu masaa mawili, kushuka na kukusanya mizigo nusu saa, halafu gari lisaa limoja na nusu kwenda kaskazini. Hayo ni masaa matano kwenda, matano kurudi. Kwa usiku mmoja ni kununua tiketi ya kukaa kwenye viti. Usiku miwili, au msiende.

Julai na Agosti pia ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwenda Unguja mawimbi yanasukuma boti kwa nyuma. Kurudi Dar boti inakabiliana nayo uso kwa uso, na hapo ndipo watu wanapotapika. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa kabla ya kupanda, siyo baada ya kuanza kuona kizunguzungu. Wakae sitaha ya chini, sehemu ya nyuma. Na usipange kikao Jumapili jioni baada ya kushuka.

Dada_Mapokezi
Kaka Mratibu, kosa linalojirudia ni vyumba. Hoteli ikikwambia "tuna vyumba 21 vya watu wawili", uliza vitanda vingapi. Vingi vina kitanda kimoja kikubwa, na wafanyakazi wenzio hawatalala pamoja. Andika kwenye oda: vitanda viwili tofauti.

Kwa idadi yako, wanawake 19 ni vyumba 10, wanaume 23 ni vyumba 12. Ongeza kimoja cha madereva wawili. Jumla 23, siyo 21. Chumba na chakula cha dereva husahaulika kila mara, halafu dereva analala kwenye Coaster na Jumapili ndiye anawaendesha.

Mhasibu_Mkavu
Naongezea la mkataba. Hakikisha imeandikwa siku ya mwisho ya kupunguza idadi. Ukithibitisha 42 wakaja 37, unalipia 42. Thibitisha 38 kwanza, kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Uliza kama bei ina VAT ndani, kama ukumbi unalipiwa peke yake au umo kwenye pakeji ya chai mbili na chakula cha mchana, na kama jenereta ina gharama yake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai kabla ya kuondoka hotelini. Baada ya hapo utaitafuta mwezi mzima. Tenga asilimia 10 ya dharura, na isiguswe kwa vinywaji.

Porini_Tu
Mikumi mnaionea. Kwa barabara peke yake ni karibu kilomita 300 na malori ya Kibaha hadi Chalinze yanawafanya mkae masaa sita. Lakini tangu 2024 kuna treni ya SGR hadi Morogoro, chini ya masaa mawili. Tanguliza Coaster mbili tupu alfajiri ziwapokee stesheni, mmalizie kilomita mia na kitu kwa gari. Tiketi za treni zinahitaji majina na namba za vitambulisho, kwa hiyo orodha yako iwe imekamilika mapema.

Julai ni kiangazi, nyasi fupi, wanyama wanaonekana. Masika usiende: uwanda wa Mkata ni udongo mweusi, gari linazama hadi ekseli. Coaster haiingii njia za ndani vizuri na waliokaa katikati hawaoni kitu. Kodi magari ya wazi hukohuko Mikumi. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo, siyo fedha taslimu getini, na asiye raia wa Afrika Mashariki ana ada yake tofauti. Mkilala nje ya hifadhi, uliza mapema kama kuingia tena asubuhi ni ada mpya.

Ila nikiri: kwa kikao, Mikumi ni mbaya. Wanyama wanaonekana saa 12 hadi saa 3 asubuhi, saa zilezile ambazo akili za watu ziko timamu.

Mratibu_Posta
Asanteni. Bosi ameshuka hadi usiku mmoja. Nungwi imeondoka yenyewe. Bagamoyo basi, ila vijana wanalalamika eti bahari yake chafu.

Kapteni_Pwani
Siyo chafu, ni tope la mto Ruvu unaomwaga maji kaskazini ya mji. Na maji hupwa mbali sana. Kwa hiyo tarehe ichague kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakuwa yametoka saa 4 hadi saa 5 asubuhi: mchanga mgumu, uwanja wa mpira wa bure. Yanajaa saa 10 hadi 11 jioni, ndiyo saa ya kuogelea. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka: kujaa asubuhi, kupwa jioni. Waratibu wengi hupanga kuvuta kamba ufukweni saa 10 jioni, wakifika ufukwe haupo.

Kikao kifanyeni Ijumaa saa 4 hadi saa 8, mkiwa wabichi. Jumamosi asubuhi mpira, kisha magofu ya Kaole, kilomita chache kusini ya mji, pamoja na mwongoza wageni. Vikundi vya watu 14, vitatu, siyo 42 kwa mkupuo. Wa nyuma hawasikii chochote.

Dada_Mapokezi
Na uandike majina ya wasiojua kuogelea kabla ya siku yenyewe, kwa siri, kwenye fomu ileile ya chakula. Mbele ya wenzake hakuna anayekubali.

Mratibu_Posta
Coaster mbili zinatosha?

Porini_Tu
Viti 28 kila moja, nyinyi 21 kila moja. Safu ya nyuma ni ya mabegi, Coaster haina buti la maana. Na mwenye gari akuoneshe kibali cha kukodishwa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kabla hujalipa.